Gunia la Makadamia Kwenye Duka la Shampuu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula makadamia mpaka meno yakachoka. Githeri yetu ya mahindi haikuwa na maharagwe, maana mvua ilikatika maua yakiwa bado juu, na mabroka wa makadamia hawakutokea. Miaka mingine walikuwa wanafika mpaka chini ya mti, wakigombana nani atabeba. Mwaka huo njugu hizo zilibaki kwenye magunia nyuma ya kitanda changu, nasi tukaanza kuzila kama panya. Asubuhi tulipasua kwa jiwe, jioni tulikaanga, na mukimo wa viazi tuliutwanga na makadamia mahali pa maharagwe. Watoto waliharisha. Mbwa alinenepa.

Mimi nilizaliwa upande wa Embu nikaolewa huku Meru, na pande zote mbili nimebeba. Kuni, maji, ndizi, mpaka mawe ya kujengea jikoni. Sisi hatubebi kwa mabega. Mzigo unalala mgongoni, na mukwa, ule ukanda wa ngozi, unapita juu ya kichwa karibu na paji la uso na kuushikilia. Nilianza kabla sijaota matiti. Ukanda ukikaa kichwani maisha yote, unachimba. Hapa juu nina mfereji. Kidole kinalala ndani vizuri kabisa. Nywele zilitoka kwanza kwenye mfereji, halafu kando, halafu zilizobaki zikawa vichaka vichaka. Mume wangu aliujua mfereji huo, na alienda nao kaburini. Tangu azikwe hakuna mtu aliyeniona bila kitambaa. Hata daktari. Daktari nilimwambia ninaumwa na goti.

Na chini ya kitambaa kulikuwa na vita. Kichwa kiliwasha, kikatoa magamba kama ya samaki, na nikikikuna kilitoa maji. Nilikuwa nakiosha na kipande cha sabuni ya kufulia, ile ile ya shuka na sufuria, kwa sababu ndiyo niliyooshewa nikiwa mtoto na sikufa.

Nina mjukuu anayebeba jina langu, mtoto wa kwanza wa kijana wangu wa kwanza. Anafanya kazi Makutano, kwenye duka la mafuta na shampuu ambalo kwa nyuma lina masinki ya kuoshea wateja nywele. Alisomea hiyo kazi. Siku moja alinikuta nikijikuna kwa sindano ya kufumia, nimeipitisha chini ya kitambaa.

"Cucu, fungua nione," akasema. "Nikuoshe tu. Hutasikia hata."

"Kichwa changu hakioshwi na mtoto."

"Mtoto gani? Mimi nina mtoto wangu!"

"Basi nenda ukaoshe chake."

Akacheka, akaenda. Lakini mimi sikucheka. Nilijua ameona lile doa la majimaji kwenye kitambaa.

Wiki hiyo niliteremka sokoni, nikaingia duka lingine kabisa, mahali hawamjui mjukuu wangu wala mimi. Sikuenda kuuliza mambo ya kichwa. Nilisema naangalia tu. Na huko juu kwenye rafu nikaiona: chupa ya rangi ya asali, na mbele yake picha ya makadamia. Makadamia yetu! Moja nzima na nyingine imepasuliwa, nyeupe ndani. Kidogo niisalimie. Maandishi mimi huyasoma yakiwa makubwa kama ya Biblia yangu, lakini njugu sihitaji kusomewa.

"Hii ni makadamia?" nikamuuliza muuzaji.

"Imejaa makadamia, shosho. Hata zile nywele zimetoka zinarudi."

Hakujua chini ya kitambaa kuna nini. Alisema tu, kama wanavyosema wauzaji wote. Lakini mimi nilibeba ile "zinarudi" mpaka nyumbani kama yai.

Nilijifungia chooni nikaosha. Povu lilijaa karai, na harufu ilikuwa ya bibi harusi. Kesho yake kichwa kiliwasha kuliko jana. Nikajiambia ni njugu zinatafuta mizizi. Nikaosha tena.

Jumapili baada ya ibada sisi akina mama hubaki nje ya kanisa kupanga mambo yetu, na mimi ndiye kiongozi wao. Nilitoa chupa kwenye kiondo nikaiinua juu.

"Mabroka wanatuambia makadamia hayana soko," nikasema. "Haya, angalieni. Soko ni hili. Watu wanaoshea vichwa!"

Chupa ikapita mkono kwa mkono. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza maziwa, mwenye ulimi wa kukata nyasi, akainusa.

"Kumbe sisi tangu mavuno tunakula shampuu," akasema. "Ndiyo maana tumbo langu linatoa povu."

Wakacheka, halafu wakakasirika, na hasira ile ilikuwa tamu kwangu kwa sababu niliiwasha mimi. Nikasema tutaacha mabroka tupeleke wenyewe. Nikasema mjukuu wangu anafanya kazi mahali chupa hizi zinauzwa, anawajua wenyewe. Huo ulikuwa uongo, sikuwa nimemuuliza. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya wanawake, na jina lake ni langu.

Pikapu ya ndizi ilitupa lifti mpaka Makutano. Wenzangu wakaweka mifuko yao kwenye mkokoteni. Mimi nilikataa. Nikafunga gunia langu kwa mukwa, nikalitupa mgongoni, nikasema mgongo huu haujastaafu. Nilitangulia mbele, nimeinama, nimejivuna.

Duka lile lina vioo kila ukuta. Wateja walikuwa wamekaa vichwa vimejaa vibanio, na mjukuu wangu alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya nywele za mtu. Alituona tukiingia tumejipanga kama kwaya. Uso ukamwanguka.

"Tumeleta makadamia," nikamwambia mwenye duka, msichana mwenye nyusi za kuchora. Gunia nilikuwa bado nimelibeba. Nilitaka alione. "Za kutengeneza hii." Nikamwekea chupa yangu juu ya kaunta.

Akatazama chupa, akatutazama sisi.

"Lakini mama, hapa hatutengenezi kitu. Hizi zinakuja kwa katoni."

"Basi tuitie anayetengeneza."

Mjukuu wangu akaja akifuta mikono. "Cucu, twende huku nyuma nikueleze," akasema polepole. Alinipa mlango wa kutokea, mtoto yule, na mimi nikaufunga mwenyewe.

"Eleza hapa hapa. Isome hiyo chupa, wasikie."

Akaigeuza chupa, upande usio na picha. Upande huo mimi sikuwahi kuuangalia.

"Hapa wanaandika vitu vyote vilivyo ndani," akasema. "Kilicho kingi kinaandikwa kwanza, kilicho kidogo kinakuja mwisho. Ni kama uandike githeri: maji, mahindi, maharagwe, chumvi."

"Mwaka huu maharagwe usiandike," akasema mama wa maziwa.

"Sasa hii inaanza na maji."

"Na ya pili ni makadamia," nikasema.

"Ya pili ni sabuni, cucu. Ile kali ya kutoa povu. Halafu sabuni nyingine. Halafu chumvi ya kuifanya iwe nzito. Halafu manukato." Kidole chake kilikuwa kinateremka, nami nilikuwa nakifuata kama mtu anayefuata daktari anayetafuta mahali panapouma. "Halafu sasa ndiyo mafuta ya makadamia. Halafu rangi."

"Baada ya manukato?"

"Baada ya manukato."

"Ni kiasi gani?"

"Hawasemi. Lakini mahali pale, ni kama tone."

"Tone!" Mama wa maziwa akapiga makofi. "Basi njugu moja inaosha Meru yote! Na gunia la mwenyekiti wetu litaosha mpaka malaika."

Wakacheka wote, wale wa kwetu na wale wa vibanio. Nami nikacheka, kwa nguvu, ili nisionekane sichekeshwi. Nikasema haya, wacha nitue mzigo. Nikainama, nikausukuma mukwa nyuma kama nilivyousukuma maisha yangu yote. Lakini nyumbani mimi hutua taratibu. Pale nilitua kwa hasira. Mukwa ulishika fundo la kitambaa, gunia likaenda chini, na kitambaa kikaenda nalo.

Vioo kila ukuta, nimewaambia. Nilijiona mbele, nikajiona kando, nikajiona nyuma, mahali ambapo hata mimi sikuwa nimewahi kujiona. Mfereji mweupe. Vichaka. Vidonda vyekundu vinavyong'aa kwa mafuta ya taa niliyokuwa nimepaka asubuhi ili kisiwashe. Kichwa kilikuwa kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Makadamia yalikuwa yanatawanyika sakafuni, yakigonga viti, yakiingia chini ya masinki, na hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwa ndani ya duka. Laiti wangeendelea kucheka. Walinyamaza. Mama wa maziwa mwenyewe aliinama akaanza kuokota njugu moja moja, ili asinitazame. Yeye naye ana mukwa. Naye hajawahi kuvua kitambaa mbele yangu.

Mjukuu wangu alinifunika kwa taulo yake yenye maji.

"Kaa hapa kwa sinki, cucu," akaninong'oneza. "Watatoka. Nikuoshe hayo mafuta ya taa."

"Kichwa changu hakioshwi na mtoto."

Nilisema hivyo nikiwa na taulo kichwani kama mtu aliyeokolewa mtoni. Nikatoka nayo barabarani. Gunia niliacha.

Jumamosi alikuja nyumbani. Hakutaja duka. Alileta kigoda nje, akapanga juu yake vitu vitatu: kipande changu cha sabuni ya kufulia, chupa yangu ya asali, na chupa nyingine isiyo na picha yoyote, nyeupe tu kama ya dawa.

"Hiki kipande ni kikali, kinatoa mafuta yote kichwani, ndiyo maana magamba," akasema. "Hii ya makadamia sabuni yake ni ya kutoa povu jingi, na manukato yake yanachoma kidonda. Hii nyeupe ni maji vilevile, lakini sabuni yake ni ya upole, inatokana na nazi. Gliserini, ya kulainisha ngozi, iko hapa juu, karibu na maji. Manukato hakuna."

"Haina njugu."

"Haina njugu."

"Na nywele?"

Aliangalia chini. Angeweza kunidanganya kama yule muuzaji, na ningemshukuru.

"Pale pa mukwa hazirudi, cucu. Hakuna chupa ya kuzirudisha. Lakini vidonda vitapona."

Akachota maji ya moto kwenye karai, akayachanganya na ya baridi, akayapima kwa kiwiko kama anavyompimia mtoto wake. Akakunja mikono ya sweta. Akangoja.

Alishaona kila kitu kwenye vioo, kwa hivyo msiniulize ninaficha nini. Kuonwa ni kitu kimoja. Vidole ni kingine. Najua vidole vyake vikifika kwenye mfereji vitasimama, na atanyamaza, na nitausikia huo unyamavu kwenye mfupa.

Chupa nyeupe niliichukua. Naosha peke yangu, chooni. Mbele kumekauka, magamba yamekwisha, nalala bila kujikuna. Nyuma mkono haufiki, bega liliharibika zamani, na huko bado kunatoa maji. Yeye anajua. Analiona doa kwenye kitambaa kila Jumamosi akija, na kila Jumamosi anatoa karai, anachanganya maji, anayapima kwa kiwiko. Jumamosi iliyopita alikaa nayo mpaka mvuke ukaisha.

"Cucu, maji yanapoa."

Nikashika fundo la kitambaa. Nililishika kabisa, kwa mikono miwili, na yeye akaniona nimelishika. Halafu nikalikaza.

"Kichwa changu hakioshwi na mtoto."