Tangi la Siku ya Ukaguzi

Fundi bomba alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimsalimia, anaitikia huku akiangalia viatu vyako. Watani wake walimwita Koki Imefungwa, naye alicheka chinichini tu.

Ndiye aliyefunga mabomba ya zahanati iliyojengwa kwa fedha za wafadhili wa ng'ambo. Sinki zilikuwa nyeupe, na tangi kubwa lilikaa juu ya mnara. Kilichokosekana ni pampu ya kisima. Kwenye taarifa ilikuwapo, kisimani haikuwapo. Basi wakaguzi wakikaribia kuja, msimamizi wa mradi humpigia simu: "Fundi wangu, leta boza la maji, jaza tangi." Wageni wakifika, wanafungua koki, wanaona maji, wanaandika, wanakula, wanaondoka.

Dada yake mdogo, muuguzi wa hapohapo, alifaidi maji yaliyobaki. "Kaka, mimi nawapenda sana hao wakaguzi," alimtania. "Wasipokuja, nani atanijazia tangi?" Maji hayo yakiisha, anarudi kwenye ndoo zake, kupanda na kushuka bondeni huku ameshika kiuno.

Mwaka huo zikaja habari kwamba mkaguzi mpya ni mama mkali, hapokei hata soda.

"Mkali wa nini?" dada alisema. "Wote huja mchana, huondoka mchana. Angelala hapa siku moja, angejua."

Lakini fundi alipata tumaini. Kusema mwenyewe asingeweza. Angeiacha koki iseme. Akamwambia dereva wa boza amwage maji kidogo tu, mengine arudi nayo. Mama atafungua, maji yatatiririka, yatakatika mbele ya macho yake, naye ataomba kuonyeshwa kisima. Hapo pampu itanunuliwa, na mgongo wa dada utapumzika.

Mama mkaguzi akaja, na kweli soda aliikataa. Akaenda moja kwa moja hadi chumba cha kujifungulia, akafungua koki. Maji yakatoka. Fundi alikuwa mlangoni, spana mkononi, anaomba kimoyomoyo: endelea, mama, endelea.

Mama akafunga.

"Tusiyamwage bure," alisema. "Kuna watu wanayahitaji."

"Umenena, mheshimiwa!" msimamizi akadakia, uso unang'aa.

Mama akamgeukia fundi. "Wewe ndiye fundi? Kuna tatizo lolote hapa?"

Dada alikuwa anamtazama, amekunja mikono. Fundi akafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Shikamoo, mama."

Wakacheka wote. Mama akaitikia marahaba kwa upole, akaandika, akapanda gari.

Jioni akaletwa mjamzito mwenye uchungu. Dada akafungua koki. Ikatoa vikombe kadhaa, ikakohoa, ikanyamaza.

"Kaka, tangi hukulijaza?"

Akamweleza, macho chini. Dada hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alimwachia mkunga wa zamu yule mgonjwa, akaokota ndoo yake. Fundi akabeba mbili, wakateremka bondeni.

Njiani maneno yakamjia, mepesi, yamenyooka, kama vile yalikuwa mdomoni mwake tangu asubuhi.

"Mama, hakuna pampu," alisema kwa sauti.

Dada akasimama, akamgeukia.

"Sasa unaniambia mimi, kaka?"