Haina Shida ya Brett

Kazi ya Noreen Tuckwell ni kuwasaidia walioachana wakubaliane bila kufikishana mahakamani. Wengine hawawezi hata kutazamana, basi huyu anawekwa chumba cha mbele, yule cha nyuma, na Noreen anabeba maneno katikati. Magoti yake yameisha. Mimi nakaa mapokezi hapa mjini Horsham, kuta zetu ni nyembamba, na sijifanyi kiziwi.

Alhamisi walikuja Brett, mkulima wa ngano, na Tamsin aliyekuwa mkewe. Tamsin alikuwa anahamia Geelong kwa dada yake, mbali kabisa, pamoja na binti yao Edie. Kilichobaki ni kimoja tu: Brett atamwona mtoto lini?

Noreen akaingia chumba cha mbele, kwa Brett. "Tamsin anasema Edie aje kwako Desemba. Wikiendi za shule abaki kule, ana netiboli."

"Haina shida."

"Na Pasaka abaki kwa mama yake."

"Haina shida, mama."

Wanaume wa kwetu ndivyo walivyo. Nyumba inaungua, wao wanasema haina shida. Ningekuwa mimi ningeshaandika makubaliano nikaenda zangu nyumbani. Noreen alikuja akaegemea meza yangu, akafumba macho.

"Si amekubali? Unataka nini tena?" nikamuuliza.

"Hajakubali. Anautaka mlango tu, aondoke. Desemba watu hapa wanafanya nini?"

"Wanavuna."

"Ehe."

Akarudi kwa Brett. "Desemba nani atakuwa kwenye mashine ya kuvuna?"

"Mimi."

"Na Edie atakaa na nani?"

"Haina..." Akakwama hapo. "Mwaka mzima nisimwone, halafu akija nipo shambani toka alfajiri mpaka usiku. Sikutaka ugomvi, mama. Nina shida. Nina shida kubwa."

Akalia, tena vibaya, kama mtu asiyezoea. Iliniuma.

Noreen akajikokota mpaka chumba cha nyuma, akafikisha maneno ya Brett. Tamsin hakubisha hata kidogo: Januari yote iwe ya Brett, shule zikiwa bado zimefungwa na mavuno yamekwisha, na Pasaka pia. Kisha akauliza, "Kasema mwenyewe ana shida?"

"Mwenyewe."

"Kakwambia wewe. Miaka yote ile nimemwomba aniambie hivyo, hata mara moja. Nilikuwa naongea na ukuta. Ndiyo maana niliondoka, si kingine. Hebu kamuulize, kwa nini hakuniambia mimi?"

Noreen alitoka akasimama katikati ya milango miwili. Nilidhani atakwenda mbele. Akaja kwangu.

"Chapa makubaliano, wasaini."

"Na swali lake?"

"Mimi nabeba yanayomhusu mtoto tu."

"Noreen, wale bado wanapendana."

"Najua. Wengi wao bado wanapendana." Akakaa, akaanza kusugua magoti. "Chapa, tafadhali."

Nikachapa, kwa hasira, na hasira hiyo haijaniisha. Walisaini kila mtu chumbani kwake. Tamsin akatoka kwa mlango wa nyuma. Brett akapita mbele yangu, akanishukuru kwa chai, akasema sasa angalau Januari ni yake. Swali la mkewe hajalisikia mpaka leo.