Shangazi na Mbio za Pikapu za Gumbo

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa Gumbo nakunywa chai kando ya barabara ya Nimule, redio ikawa inamhoji binti mmoja anayeshindana kwa pikipiki. Mtangazaji akasema, kwa furaha ya mtu aliyegundua Mto Nile, kwamba huyu ndiye mwanamke wa kwanza kushindana kwa chombo cha moto upande huu wa daraja la Nile. Chai iliniingia puani. Wa kwanza! Basi shangazi yangu alikuwa nani, punda?

Hebu nikueleze. Miaka hiyo lami ilikuwa bado. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, ambako shangazi alijifunza kuendesha lori la mahindi kwa kutazama tu miguu ya dereva. Hapa alibeba muhogo na bamia kavu kwa pikapu ya mumewe, kutoka mashamba ya Rejaf hadi sokoni. Wenye pikapu walikimbizana kila siku, maana aliyefika kwanza ndiye aliyeuza. Mwishowe ikawa desturi: baada ya mavuno, Jumamosi moja, mbio kamili kutoka Rejaf hadi duka la Gumbo. Zawadi ni mbuzi, na jina la mshindi linapakwa ukutani mwa duka kwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka milango ya kanisa.

Siku ya mbio za kwanza nyumba ilinukia siagi ya karanga na dizeli. Bibi alisonga asida, ugali wetu, tangu alfajiri, huku akimwombea shangazi kwa sauti ya kusikika hadi Bilpam ng'ambo ya mto. Shangazi alifunga kitambaa kichwani hadi nyusi zikapanda, akavua ndala, kwa sababu alisema mguu mtupu ndio unaosikia klachi. Sisi watoto tulipangwa nyuma kama magunia, kwa kuwa pikapu tupu hurukaruka kwenye mashimo. Mimi nilikuwa mnene, hivyo nilikuwa mtu wa maana sana. Nilikaa juu ya tairi la kulia.

"Kona ikija, lala upande wa ndani!" alitupigia kelele. "Anayetaka kulia, alie akiwa amelala!"

Nakuapia, vumbi letu lilifika Nimule mpakani kabla sisi hatujafika Gumbo. Mawe yaligonga chini ya gari kama mvua kwenye bati. Kwenye kona ya mwisho shangazi aliwapita wanaume wanne kwa mkupuo, na wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele mpaka kuku wakapanda juu ya paa.

Alishinda. Mwenye duka, ambaye ndiye aliyekuwa mwamuzi, akachovya brashi, akaandika jina la mume wa shangazi. Kwa desturi yao mshindi ni mwenye gari. Mume mwenyewe alikuwa amekaa kivulini akitafuna karanga. Mwaka wa pili, vilevile. Mwaka wa tatu, vilevile, na mume akaanza kusimulia zile kona kana kwamba alizikata yeye.

Shangazi hakugomba. Alitaka jina lake liwe pale, basi. Akauza bamia misimu miwili, akauza hata bangili za harusi yake, akanunua pikapu yake mwenyewe, kuukuu, injini imefufuliwa na fundi wa sokoni, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Akashinda nayo kwa umbali ambao ungetosha kuchemsha chai na kuinywa. Akashuka peku, akasimama mbele ya ukuta.

"Gari hii ya nani?" akamuuliza mwamuzi.

"Yako iko, mama, nani anakataa? Lakini injini nani alifungua? Gari bila injini ni kitanda. Mwaka huu tunaandika fundi."

"Na mimi?"

"Wewe kalas, basi, mama. Wewe umekaa tu ndani."

Wanaume wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na sisi watoto tulicheka, rafiki yangu. Fundi alikuwa ametununulia soda. Hilo silisemi kwa raha. Shangazi alitazama brashi hadi herufi ya mwisho, akaturudisha nyumbani kwa gia ya kwanza, polepole kama anayebeba mayai. Hakushindana tena. Pikapu aliiuza kabla ya Krismasi.

Simlaumu yule binti wa redioni. Angejulia wapi? Shangazi tumeshamzika, na nilitaka mtu mmoja tu, mbali na mimi, amkumbuke kwenye usukani. Nikamtafuta mwamuzi. Duka limekuwa ghala la saruji, ule ukuta ulivunjwa, na mashamba niliyoyajua yamegawanywa viwanja. Nilimkuta mwenyewe mlangoni, sasa mzee. Nilipotaja mbio, uso ulimng'aa. Alikumbuka rangi ya kila pikapu. Alimkumbuka fundi. Alimkumbuka mume wa shangazi, "dereva hodari yule!"

"Na shangazi yangu, mzee?"

Akafikiri sana, mkono kidevuni, kwa wema kabisa, maana alitaka kunifurahisha.

"Yule mama!" akasema hatimaye. "Alikuwa anapika ile mbuzi vizuri sana."

Na ni kweli. Kila mwaka alishuka kwenye gari, akanawa vumbi usoni, akampika mbuzi wa ushindi wake mwenyewe, na wanaume wakapakuliwa kwanza.