Digirii, Toa Mpira

Kama ningesema neno moja tu, je, mzee Dabaso angepoteza ng'ombe wake bure? Swali hilo limeninyima usingizi tangu nikiwa kijana wa rika lako, mwanangu. Nimeligeuza upande huu na ule, na kila nikidhani nimelimaliza, asubuhi linanisubiri mlangoni.

Nakumbuka Jumamosi moja, hapa Isiolo, miaka ya vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi wa kaskazini. Magari ya kaskazini yalisafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na jua likizama kila mtu alikuwa ndani kwa sababu ya kafyu. Mimi nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuo kikuu na digrii ya uchumi, nikafundisha shule hapa mjini nikingojea barua ya kazi Nairobi. Vijana waliniita Digirii. Halikuwa jina la heshima, mwanangu, usidanganyike.

Jumamosi tulicheza mpira kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya soko la mifugo. Mchezo ukiisha, tulikaa nje ya hoteli ya Abdi tukisikiliza habari kwenye redio yake, kisha vijana wakaniuliza maana yake. Mbona sukari imepanda? Nikawaambia sukari ikiadimika ni kama golikipa mzuri: yuko mmoja, kila timu inamtaka, basi lazima abembelezwe kwa soda. Na ng'ombe wakiletwa sokoni wote siku moja? Hiyo ni timu ya mawinga kumi na mmoja. Nani atanunua winga mwingine? Walicheka, wakaelewa. Kwa maneno nilikuwa hodari sana.

Kiwanjani ndipo nilipokuwa na shida. Nikipewa mpira nilianza kuhesabu: nikimpa huyu, yule atafanyaje, nikipiga, je, ukigonga mwamba? Mpaka niamue, mpira ulikuwa umeshachukuliwa. Watu walipiga kelele pembeni, "Digirii, toa mpira! Toa, bwana!" Siku hiyo nilibaki na goli tupu mbele yangu, golikipa ameanguka chini, nami nikasimama nikifikiria nitumie mguu gani. Beki akaja akanipokonya kama mtu anayemnyang'anya mtoto andazi.

Mzee Dabaso alikuwa pembeni ameegemea fimbo yake, akicheka hadi machozi. Alikuwa Mborana mfugaji, rafiki wa mama yangu tangu mama alipoteremka kutoka milima ya Meru kuja kuuza miraa hapa. Nilipokuwa mchanga na mama hana kitu, ni maziwa ya ng'ombe wa Dabaso yaliyonikuza. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kunicheka.

"Digirii," aliniambia, "wewe naongea kama redio. Lakini mpira nakaa kwa mguu yako mpaka inaota majani."

Kisha akaacha kucheka, akanivuta kando. Redio ilikuwa imetangaza kwamba wafugaji watahamishiwa karibu na vituo vya serikali. Watu waliogopa, wakaleta madume yao sokoni kwa pamoja, na bei ikaanguka. Mnunuzi kutoka nyanda za juu bado alikuwapo mjini, lakini angeondoka na msafara wa kesho yake.

"Madume yangu iko pale," Dabaso akasema. "Bei ni matusi. Nauza ama nangoja? Kama ni ng'ombe yako, wewe nafanya nini?"

Mwanangu, jibu nilikuwa nalo. Niliona wazi kwamba watu wakifungiwa mahali pamoja, majani yataisha, na njia ya soko ikifungwa, ile bei ya matusi itakuwa bei ya kutamaniwa. Ningeuza. Lakini papo hapo nikaanza: je, amri ikifutwa? Je, bei ikipanda wiki ijayo, aseme mtoto wa rafiki yake alimfilisi? Nikamwambia, "Inategemea, mzee. Tusikilize habari za wiki ijayo."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiyo umesoma. Nangoja."

Wiki iliyofuata hakukuwa na soko. Askari walikuja, familia zikahamishiwa ndani ya ua wa waya, na mifugo ikaruhusiwa kula karibu tu, kwa saa chache. Majani yaliisha upesi. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama kwenye waya, wakitazama malisho wasiyoweza kuyafikia. Waborana huuita wakati huo daaba, yaani kusimamishwa. Redio ya Abdi ilisema usalama umeimarika. Ng'ombe wa Dabaso hawakutajwa.

Vita vilipokwisha nilikuwa bado hapa. Barua ya Nairobi ilikuja, nikaifikiria hadi nafasi ikapewa mwingine. Nilisikia Dabaso yuko upande wa Kinna, analima. Fikiria, mtu aliyekuwa akiwacheka wakulima! Nilipanga safari nikaivunja, nikapanga tena. Mwishowe nikaenda.

Nilimkuta ameinama na jembe, mbuzi wachache wakimzunguka. Tulisalimiana sana, akamuulizia mama, akauulizia mpira. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba sikujua bei ingekuwaje.

"Bei?" akasema. "Bei anajua Mungu. Mimi niliuliza wewe nafanya nini. Hukuniambia. Kama ulisema uza, ama ulisema ngoja, tungekuwa wawili. Uliniacha pale peke yangu."

 Halafu akainua fimbo akawaelekezea wale mbuzi. "Sasa nauliza tena. Hawa, nauza ninunue mbegu ya kitunguu, ama naweka? Digirii, toa mpira."

 Nilifikiria mvua, wadudu, barabara. Kisha nikafungua mdomo. "Mimi ningeuza majike wawili, niweke waliobaki. Na nikikosea, nitakuja nilime na wewe."

Aliuza. Maji ya mto yalipanda yakachukua nusu ya vitunguu. Shule ilipofungwa nilirudi na jembe langu, nikachimba naye mfereji hadi mikono ikatoka malengelenge, na akanicheka kila siku.

Mwanangu, sikiliza redio, soma gazeti, ujue kwa nini sukari inapanda. Ni elimu nzuri. Lakini ujue pia kwamba anayengoja naye ananunua kitu, na analipa, hata kama hajaiona hela ikitoka mfukoni. Mtu akikuuliza ungefanya nini, mwambie, umwambie na usichokijua, kisha ukae naye kwa lolote litakalotokea. Mimi nilijifunza hayo kwa ng'ombe wa mtu mwingine, na hilo sitalisahau.

Mungu akupe akili ya kupima, na baada ya kupima akupe mguu wa kupiga. Akuepushe na kumwacha mtu peke yake pale sokoni. Amina.