Bonyeza Hapa Uzae

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na mimba ya pili, na nilidhani shahada yangu ingenisaidia kuibeba. Niliishi Ruiru na kufanya kazi katika ofisi ya kiwanda cha juisi kule Thika. Mtoto wangu wa kwanza, mvulana, alitolewa kwa upasuaji. Sasa daktari alikuwa ameniambia ninaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, hapo hospitalini, au nipangiwe kupasuliwa tena. Alinieleza hatari za kila njia, kisha akasema uamuzi ni wangu. Nilitoka nimekasirika. Nilikuwa nimeenda kwake ili aamue yeye.

Mwenzangu wa ofisini alikuwa ametumiwa na dada yake wa ng'ambo diski ya kompyuta ya kufundisha wajawazito. Saa ya chakula cha mchana tuliitia kwenye kompyuta ya uhasibu. Mwanamke mwenye sauti ya upole alieleza kila kitu, mtoto akageuka tumboni, halafu likaja swali: ungependa kuzaa vipi? Nikabonyeza njia ya kawaida, akanipongeza. Nikabonyeza upasuaji, akanipongeza tena. Chuo kikuu sikuwahi kusifiwa hivyo.

Ukweli ni kwamba nilitaka upasuaji. Mara ya kwanza nilikuwa nimeumwa na uchungu mchana kutwa, na mwishowe nikapasuliwa vilevile. Lakini kulikuwa na hesabu nyingine. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya mume. Mama ya mke husubiri binti wa pili. Na kila mtu pale Ruiru alijua kwamba ukishapasuliwa mara tatu, daktari anakuambia basi. Mvulana alikuwa amekula nafasi moja. Mama yangu alikuwa nyuma kabisa kwenye foleni.

Jumamosi moja nikawapeleka ofisini wote wawili, mama yangu na mama mkwe. Nilitumaini kompyuta ingeniombea ruhusa. Waliketi na mikoba mapajani, nami nikawatafsiria.

"Huyu mwanamke," mama mkwe akauliza, "mama mkwe wake ako wapi?"

"Yuko na mume wake, mami."

"Mume! Wa kufanya nini hapo? Si atazimia?"

"Na akizimia," mama yangu akasema, "daktari atashughulikia nani kwanza?"

Walicheka mpaka nikasimamisha diski.

"Sasa wewe umebonyeza gani?" mama mkwe akaniuliza.

"Bado."

"Ai! Umesoma miaka yote hiyo, kubonyeza ndiko kumekushinda?" Kisha akashusha sauti. "Mimi sina neno. Huyu akiwa msichana, nimeitwa. Lakini mama yako je? Ukipasuliwa sasa, atafikiwa lini? Jaribu kawaida, mwanangu. Ni yeye namtetea."

Nilimtazama mama. Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta, kwa yule mtoto aliyesimama katikati ya kugeuka.

"Asante, mwenzangu," akamwambia mama mkwe. "Lakini jina langu bado nalitumia." Ndipo akanigeukia. "Wewe unaogopa nini?"

Nikamwambia bila kutumia hata neno moja la diski. Naogopa uchungu ule. Naogopa kuumaliza wote, halafu nipasuliwe tena.

"Basi bonyeza hicho unachotaka," akasema, "twende tukanywe chai."

Nilipasuliwa. Alikuwa msichana, na baada yake sikuzaa tena.

Kesho yake mama mkwe alimchukua wajina wake, akampeleka dirishani kwenye mwanga. "Hebu angalia vile nimependeza," akamwambia. "Makunyanzi yote nimetoa. Meno tu ndiyo yamebaki vilevile, hakuna." Nikacheka, na kidonda kikaniuma hadi machozi yakanitoka. Nikamwomba anyamaze. Hakunyamaza; alikuwa ameanza kujisifu pua.

Mama alikuwa ameniletea njahi, yale maharagwe meusi anayopikiwa mwanamke aliyezaa. Aliweka sufuria chini, akachukua mto, akanikandamizia tumboni, juu ya kidonda, kwa mikono miwili.

"Cheka," akasema. "Nimeshika."