Sauti Iliyokataa Kufutwa

Hakuna wimbo ambao baba yangu aliwahi kuupenda zaidi ya siku mbili. Ni muuza mawese pale sokoni Ujiji, mpole kwa wateja, lakini kwenye muziki anadeka kama kitinda mimba. Leo anataka taarabu. Keshokutwa taarabu imemchosha, anataka mawaidha. Mawaidha nayo yakimgusa pabaya, anataka dansi la zamani. Kazi ya kufuta na kujaza ilikuwa yangu, maana nina kibanda cha kutengeneza simu na kuwawekea watu nyimbo huko Kasingirima. Alikuwa anafika na kile kiredio chake cha mkononi, anachomoa memori kadi kwa ncha ya kucha, ananikabidhi na maneno yale yale: "Futa zote, isipokuwa ile."

"Ile" ilikuwa sauti ya marehemu mama. Kiredio kilipokuwa kipya, baba alibonyeza kitufe cha kurekodi akidhani anatafuta stesheni, na mama akanaswa akimwita kula: "We mzee, acha hilo dude, ugali unapoa! Na chumvi usiongeze, nimeshaweka." Baba alipogundua alicheka mpaka akapaliwa. Mama alipotutoka hakuicheka tena, ila kila mchana aliiwasha kabla ya chakula. Ikifika kwenye chumvi anazima, ananawa, anakula. Mimi sikuwahi kuisikiliza. Nikiiona kwenye kompyuta nilikuwa naipita haraka, kwa sababu nilijua nitalia mbele ya wateja.

Mwaka huu mzee akapata mchumba. Ni mjane wa kijiji cha Kagunga, muuza dagaa, mwanamke wa maneno machache na mikono ya kazi. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alimwambia baba wazi kwamba kofia yake imechoka. Ndoa ikapangwa Ijumaa.

Sasa mzee wangu ana heshima zake za zamani. Yeye anaamini mke mpya haingii kwenye nyumba yenye vitu vya mke aliyetangulia. Nguo zilikwisha kugawiwa kitambo, basi akaanza na vyungu, ukafuata mkeka, kikafuata kioo. Ukuta akaupaka rangi ya kijani ambayo hata mafundi waliomuuzia sidhani kama waliitegemea kufika sebuleni kwa mtu. Mwisho ikabaki ile sauti. Hakuna aliyemwambia aifute, mchumba mwenyewe hata hakujua kama ipo. Akaamua tu kwamba ndio ustaarabu.

Hakuniletea kazi hiyo mimi. Alikwenda kwa jirani mwenye simu kubwa, wakaifuta wawili. Asubuhi moja ya wiki hiyo ya ndoa nikamwona anakuja kibandani bila kofia, nikajua kuna jambo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako amekataa."

"Amekataa nini tena?"

"Ndoa. Juzi nimemfuta, jana karudi. Jana nimemfuta tena, nimerudisha kadi kwenye redio, nakaa nile, naambiwa nisiongeze chumvi! Mimi si mtoto, mwanangu. Namtuma mtu Kagunga, Ijumaa hakuna kitu."

Nikacheka, na hapo nilikosea, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Nikachukua kadi. Jambo la kwanza nililofanya ni kunakili kila kitu kwenye kompyuta, maana nilishaanza kuhisi ugonjwa wa kadi ile. Halafu nikafuta. Ikakubali vizuri tu. Nikaichomoa, nikairudisha, na kila kitu kikawa palepale kilipokuwa. Nikajaribu kuisafisha yote kwa pamoja, ikagoma. Nikajaribu kuandika wimbo mmoja mpya, haukubaki.

"Baba, hii kadi imezeeka," nikamwambia. "Ndani yake kuna vyumba vingi vidogo. Kila chumba kinavumilia kufutwa na kujazwa kwa kiasi fulani, kisha kinachoka."

"Haina hata ukubwa wa kucha, vyumba vinakaa wapi?"

Nikaona tuhamie kwenye mawese. "Wewe dumu likivuja unafanyaje?"

"Nalichora mkaa, hakuna anayelijaza tena. Natoa zima nililoweka stoo."

"Na yale ya stoo yakiisha?"

"Sipokei mafuta. Nauza yaliyopo."

"Basi kadi inafanya hivyohivyo. Ina kijiakili ndani. Chumba kikiharibika inakitia alama, inachukua cha akiba. Wewe umeifutisha kila baada ya siku mbili miaka yote hii, akiba imekwisha. Sasa imejifunga. Haipokei kipya wala haifuti cha zamani, inakubali kusomwa tu. Simu inakudanganya kwamba imefuta, lakini kadi haijafuta chochote."

Nikamwongezea kwamba hata kadi mpya hutoka kiwandani na vyumba kadhaa vibovu, ila wameshavitia alama huko huko.

"Wanaweka alama wenyewe?" akashangaa. "Basi ni waungwana kuliko wauza samaki."

Nikajua nimempata. Nikampigilia msumari: "Tena, kama ni mama aliyekataa kuondoka, mbona na singeli zimerudi?" Maana kwenye ile kadi kulikuwa na singeli tupu. Wiki iliyopita alitaka kuonja mambo ya vijana, akazichukia kabla hajafika nyumbani, na ndizo zilizofungiwa humo pamoja na mama mpaka mwisho wa dunia.

"Mama yako alikuwa anapenda ngoma," akasema bila kutabasamu. Kisha akaniuliza, "Mambo ya madumu nimeyaelewa. Sasa niambie, miaka yote hii, kwa nini akiba iishe wiki hii?"

Kadi akaniachia mimi. Yeye akaondoka, na nikaona kwamba kweli atatuma mtu. Nikashika simu nikampigia yule mama wa Kagunga, nikamweleza yote, pamoja na singeli. "Nina mzigo wa dagaa unaokuja kesho," akasema. "Nitakuja nao."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kesho yake alifika sebuleni kwa baba akinukia dagaa, akatusalimia kwa Kiha, "Mwakeye," akakaa kwenye mkeka mpya. Baba alianza hotuba ndefu kuhusu heshima na marehemu. Mama wa watu akamsikiliza mpaka akaishiwa, kisha akasema, "Nataka nimsikie."

Baba akaniangalia. Nikatia kadi kwenye kiredio nikawasha, huku nimeuma meno. Sauti ya mama ikajaa chumba kile cha kijani. We mzee, acha hilo dude, ugali unapoa. Na chumvi usiongeze, nimeshaweka. Nilianza kulia palepale, wala sikujificha. Baba, kwa mazoea yake, akanyoosha mkono azime.

"Acha," akasema yule mama wa Kagunga. "Hajamaliza."

Na kweli alikuwa hajamaliza. Ilisikika sufuria ikifunikwa, ikasikika kandambili ikija karibu, halafu sauti ya mama tena, sasa ya chini, ya kumtania mtu aliye naye karibu kabisa: "Haya, endelea kulikumbatia. Iko siku nitaondoka, utakula na hilo dude lako." Akacheka kile kicheko chake cha puani. Kikakatika.

Baba alikuwa ameduwaa, mkono bado uko hewani. Miaka yote ile alikuwa anamzima kabla hajafika hapo.

"Umekula nalo tangu lini?" yule mama akamuuliza.

"Tangu alipoondoka."

"Kila siku?"

Baba akaitikia kwa kichwa. Nilimwonea huruma kuliko siku ya msiba.

Mama wa Kagunga akafungua pindo la kanga, akatoa simu yake, akanipa. "Mwanangu, nitilie na mimi huyu dada humu. Huyu mzee anaonekana haitiki kwa sauti moja." Halafu akainuka, akajipangusa magamba ya dagaa, akamuuliza baba jiko liko upande gani.

"Kushoto," baba akasema, na akasimama kumwonyesha.