Asubuhi Tovuti Isipofunguka

Mji ulipokuwa mikononi mwa waasi, nilifanya kazi katika chumba kimoja mtaani Makiso, katikati ya mji, chenye kompyuta moja na antena ya satelaiti juu ya bati. Shirika letu dogo lilikuwa na tovuti ya watu waliopotezana na jamaa zao: sura, jina, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kila asubuhi, jenereta ikishawaka, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuhakikisha kwamba tovuti inafunguka. Ilitunzwa kwenye mashine ya kampuni moja huko Ulaya, na mashine hiyo ilikuwa ikizimika ovyo.

Mama mmoja muuza chikwange, mikate ya muhogo, kutoka mtaa wa Mangobo alikuwa akipitia kwetu kila siku kabla ya kwenda sokoni. Mwanawe wa pekee alikimbilia njia ya msituni iendayo Bafwasende mabomu yalipokuwa yakianguka mjini, asionekane tena. Mama aliteremsha beseni mlangoni, akauliza:

"Papa, iko?"

Aliniita papa, yaani baba, ingawa angeweza kunizaa. Nilimwonyesha picha ya mwanawe kwenye kompyuta: kijana mwenye shati la mistari, ameegemea baiskeli. Aliitazama, akajitwika beseni, akaenda zake.

Kisha tovuti ikazimika kabisa. Niliwaandikia wale wa Ulaya, wakajibu tuvumilie. Siku ya kwanza mama aliondoka zake sokoni. Kesho yake alikaa sakafuni.

"Mama, ni mashine ndiyo imekufa, si yeye."

"Hiyo mashine iko wapi?"

"Mbali. Ulaya."

"Alors, weye unajua je mambo iko inapita kule?"

Akajitwika beseni, akatoka. Tangu hapo hakuja.

Tovuti ilipofunguka tena nilishangilia peke yangu mle chumbani. Halafu nikaona wale wa Ulaya wamerudisha nakala ya zamani. Sura zote tulizoongeza baadaye zilikuwa zimefutika, ya yule kijana ikiwemo. Nasi hatukuwa na nakala ya akiba. Kompyuta yetu ya awali, tuliyozihifadhia, ilikuwa imechukuliwa na wanajeshi, tukaazima hii.

Nilipanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, hadi Mangobo kumwomba mama ile picha ya karatasi tuliyoinakili. Nilimkuta amenyoa nywele, majirani wamejaa kwenye mikeka. Ilikuwa matanga. Nyuma ya nyumba, kando ya migomba, palikuwa na tuta dogo la udongo mbichi.

"Tulimuzika," akaniambia. "Na shati yake, na ile picha. Mwili hatuna."

"Mama, tovuti imerudi. Tukiifukua picha, nitaiweka leo hii."

"Yeye amerudi mule?"

Nilitamani kudanganya. "Hapana, mama. Sura yake haimo."

Akatikisa kichwa taratibu, kana kwamba nimemletea habari aliyokuwa akiingoja. "Nimeshamulalisha, papa. Usimuamushe."

Wanawake waliendelea kuimba. Nilirudi Makiso kwa miguu.

Niliandika jina la kijana upya kwenye tovuti, bila picha. Mahali pa sura pakabaki kisanduku cheupe, na kila asubuhi nilianzia hapo kabla ya kutazama kingine chochote. Ukurasa ule ulifunguka vizuri kuliko zote. Hakuna aliyewahi kutuandikia habari zake.

Vita vilipokwisha nilimkuta mama sokoni, nywele zimeota, zimekuwa nyeupe. Alinipa chikwange, akakataa nilipie.

"Ile mashine," akasema, "haikufa tena?"

"Hapana, mama. Sasa inatumika muzuri."

Akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza habari za mwanawe. Mteja akafika, mama akamgeukia.